Kekele Juu ya Bati

Taa ya ruta iliamka nyekundu, na ilijua kuchagua siku. Emilie aliiona kabla hajanawa uso. Akaita, "Papa Glodi, kuya uone!" Bavon, mumewe na baba wa mtoto wao Glodi, akaja kutoka uani na mswaki mdomoni, akaitazama, na neno la kwanza lililomjia moyoni halikuwa ruta wala intaneti. Lilikuwa jina la mtu. Hugues. Leo ataitwa Hugues tena.

"Tungoje kwanza," akasema, povu la dawa likimtiririka kidevuni. "Pengine itapona yenyewe."

"Tungoje nini? Interview yangu iko leo asubui, Papa Glodi! Leo!"

Kana kwamba Bavon alikuwa hajui. Emilie alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na shirika moja la Kinshasa lilikuwa limemchagua asailiwe kwa video. Akipita, angekwenda Kinshasa mwaka mzima kujifunza namna ya kuwaokoa akina mama wanaotokwa damu wakati wa kujifungua, kisha arudi awafundishe wenzake. Akikosa kuonekana, nafasi angepewa mwingine. Mwaka uliopita mama mmoja wa Isangi alikuwa amemfia mikononi, na tangu siku ile Emilie hakuwa na hamu ya jambo lingine lolote. Alikuwa amemwomba mumewe ruhusa. Bavon hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kila alipoulizwa, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi mtoni.

Maana Bavon alikuwa na wivu. Tusimfunike. Wapo wanaume wenye wivu wa siku moja moja, kama homa, lakini wa kwake alilala nao na kuamka nao. Wivu ni kidonda, walisema wahenga, ukishiriki utakonda, na yeye alikuwa ameshiriki mpaka suruali zikamlegea kiunoni. Kinshasa yote aliiona imejaa wanaume wenye marashi wanaomngoja mke wake bandarini. Na hata kabla ya Kinshasa, hapa hapa Kisangani, sebuleni kwake, alikuwapo Hugues.

Hugues alikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti. Kijana mwembamba, mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya mji huu yalikuwa kama yanaviogopa. Ndiye aliyeleta ruta, akatoboa ukuta kupitisha waya, akapanda juu ya bati na kusimamisha antena, sahani nyeupe iliyokodolea macho mnara wa kampuni kule Makiso. Alimwita Emilie "Ya Emi", kama dada yake mkubwa. Bavon aliyasikia maneno hayo, akayatafuna, hayakumezeka. Mwaka wa saba wa ndoa yeye mwenyewe hajawahi kumwita mkewe Emi.

Baada ya mvua kubwa Hugues alirudi mara ya pili, akakaza kibano cha chuma kilichoshika antena kwenye nguzo yake, na mambo yakawa sawa. Emilie akamwandalia lituma, ndizi zilizopondwa vizuri, pamoja na samaki ambaye Bavon mwenyewe alimtoa kwenye maji alfajiri. Katika nyumba ile kichwa cha samaki kilikuwa cha baba. Hakuna aliyewahi kulijadili jambo hilo. Siku ile Emilie alichukua kijiko, akatia kichwa kwenye sahani ya mgeni.

"Ule, ndugu yangu," akamwambia. Kisha akamgeukia mumewe na kusema kwa moyo mweupe kabisa, "Ona namna alikaza ile kitu. Huyu iko na mikono ya mayele!"

Mikono ya akili. Akamwambia hayo Bavon! Huyu alikuwa mtoto wa Wagenia, wavuvi wanaosimamisha miti mirefu katikati ya maporomoko na kuning'iniza humo mitego yao mikubwa ya kufumwa. Miti hiyo hufungwa kwa kekele, mmea wa msituni unaotambaa, imara kuliko kamba yoyote ya dukani. Na katika ukoo wao, kukitafutwa mtu wa kufunga mahali ambapo maji yana hasira zaidi, aliitwa Bavon. Mto ulipanda, mto ukashuka, fundo lake likabaki pale pale. Mikono hiyo ilikuwa mezani siku ile, imeshika mkia wa samaki, na mke wake anaisifia mikono ya mtu mwingine.

Kesho yake Emilie alipokwenda kazini, Bavon alipanda juu ya bati. Akakifungua kibano cha Hugues, akakitupa chini kama mtu anayetema mbegu. Akaifunga antena kwa kekele mbichi, fundo la maporomoko, lile la baba yake. Akaitikisa, haikutikisika. Jioni Emilie aliongea na dada yake wa Bunia kwa video, picha safi kabisa, na Bavon akakaa pembeni akichekea moyoni. Sasa ni mikono yake iliyokuwa imeshika intaneti ya mkewe. Hakumwambia mtu. Kibano akakifunga kwenye wavu kiwe uzito, na wavu ukakichukua mtoni, ukakatikia huko.

Ndiyo sababu asubuhi ile ya taa nyekundu hakuwaza hata kidogo habari ya antena. Fundo lake lilegee? Heri mto Kongo urudi ulikotoka.

Emilie alimpigia Hugues simu, naye akafika haraka, na viatu vyake vilikuwa vyeupe. Emilie alikuwa ameshavaa blauzi yake ya usaili na kusuka nywele upya. Nywele alizisuka jana, kwa ajili ya wale wa Kinshasa, lakini Bavon aliziona zikiingia sebuleni pamoja na Hugues, na moyo wake ukafanya hesabu yake yenyewe. Akabeba kiti, akakiweka mlangoni, akaketi.

Fundi akachomoa ruta kwenye umeme, akangoja, akairudisha. Taa zikawaka moja moja, ile ya mwisho ikabaki nyekundu.

"Umeme wa Tshopo iko, hiyo si shida," akasema. "Simu ya Ya Emi inaona ruta, wanasikilizana. Donc ruta iko muzima. Ila haifikie kampuni. Inaita, inaita, hakuna mutu anaitika."

Akakagua waya unaoshuka kutoka darini, akaukata ncha na kuitengeneza upya. Nyekundu. Akafungua kwenye simu ule ukurasa wa ndani wa ruta, akamwonyesha Emilie mahali palipoandikwa kwamba inajaribu kuunganisha. Kwa kutazama kioo kidogo kama kile, vichwa viwili sharti vikaribiane. Bavon alilijua hilo, akakasirika hivyo hivyo. Hugues akapiga simu ofisini kwao, wakamwambia akaunti ya Emilie haina tatizo lolote, mnara nao ni mzima, majirani wote wanapata.

"Basi iko nini?" Emilie akauliza, na sauti yake ikapasuka kidogo. "Na simu peke yake haiwezi, huku karibu na maji video inakwama kila wakati. Hugues, nisaidie, ndugu yangu."

Akamshika mkono. Mkono wa shati tu, juu ya kiwiko, kama mtu yeyote mwenye haraka angemshika mwenzake. Bavon akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni wewe unaiharibisha!" akapiga kelele. "Unatengeneza, unakula, unaenda, inakufa, unarudi! Unafikiri siko na macho? Mutego bila chambo hainase. Na chambo yako ni hii ruta!"

Emilie alimtazama mumewe kana kwamba amejikojolea mbele za watu.

"Papa," Hugues akasema taratibu, "mi niko na bateja wengi leo. Sikukuya kula." Akajifuta jasho. "Bon. Inabaki antena tu. Niliiacha kwa sababu ile collier, kibano ya chuma, nilikaza mi mwenyewe, haiwezi kusogea. Lakini acha nipande nione."

"Bati ni yangu," Bavon akasema. "Nitapanda mi mwenyewe."

Akapanda kwa hasira, akafika juu, na hasira ikamwishia pale pale.

Antena ilikuwa imeupa mgongo mnara wa Makiso. Ilikuwa inatazama maporomoko. Na kekele, ile kekele yake mbichi ya kijani, ilikuwa imekauka, imesinyaa, imekuwa ya kijivu, inacheza kwenye nguzo kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa. Bavon akaligusa fundo. Fundo lenyewe lilikuwa zima, zuri kama siku alipolifunga. Kilichokonda ni mmea. Miaka yote alikuwa amefunga kekele mahali ambapo maji huirukia usiku na mchana, na kekele ya mtoni haijui kiu. Nani katika ukoo wao aliwahi kufunga kitu juu ya bati, kwenye jua la Kisangani? Upepo wa usiku ulikuwa umekuja, ukaisukuma antena kwa kidole kimoja.

Akachuchumaa pale. Aibu ilikuwa kubwa, lakini nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachomnong'oneza. Je, akishuka na kusema ameona kila kitu kiko sawa? Hugues atakuna kichwa, muda utapita, wale wa Kinshasa watamwita mwingine. Hakutakuwa na bandari wala wanaume wenye marashi. Emilie atalia siku chache, kisha atarudi kupika, na kichwa cha samaki kitarudi kwenye sahani yake. Bavon aliyataka hayo yote.

"Papa Glodi! Unaona nini?" Emilie akaita kutoka chini.

"Ninaangalia!"

Akaikata ile kekele kwa kisu, akairusha nyuma ya nyumba ili kwanza apoteze ushahidi, mengine atayafikiria baadaye. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa ni uani kwa Mama Safi, jirani, na Mama Safi alikuwa anamenya ndizi.

"Ee Papa Glodi!" ikapaa sauti. "Siku hizi unavua samaki juu ya nyumba? Kekele yako imeanguka mu makemba yangu!"

Na mwanamke yule, ambaye hajawahi kuokota kitu asikirudishe kwa mwenyewe mbele ya watu, akazunguka nyumba na kekele mkononi, akamkabidhi Emilie.

Emilie akaigeuza geuza. Alikuwa mke wa Mgenia, aliujua mkono uliofunga lile fundo kama anavyoujua mwandiko wake. Akainua uso.

"Mficha uchi hazai, Papa Glodi. Kila siku ninawaambia wamama vile. Sema."

"Nilifunga antena," Bavon akasema kutoka juu. "Na kekele. Ili ikamate muzuri."

"Na collier ya Hugues?"

"Iko mu maji. Nilitia ku wavu, iwe uzito."

Mama Safi akaziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yake yakacheka. Hugues akatazama viatu vyake. Emilie peke yake ndiye hakucheka wala kutazama pembeni.

"Ulifanya ili nikose," akasema.

"Hapana! Mama Glodi, hapana. Nilifunga na nguvu yangu yote!"

Ilikuwa kweli tupu, na uso wa mkewe ulikuwa uso wa mtu anayesikia uongo. Hilo lilimuuma kuliko kichwa cha samaki na "Ya Emi" zote. Angeweza kuapa kwa mto. Lakini mtu aliyemwita mwenzake mwizi wa wake mbele ya mlango, kisha akatupa kekele kwa jirani, angeapa mbele ya nani?

"Collier ingine iko bureau, ku ofisi yetu, ni mbali," Hugues akasema. "Papa, ishike na mikono kwanza. Igeuze Makiso, polepole. Mi nitaangalia ruta."

Bavon akaikumbatia nguzo, akaizungusha sahani. "Zaidi!" Hugues akaita kutoka ndani. "Zaidi... Rudi kidogo. Inua. Iko muzuri, iko muzuri! Imewaka!" Emilie akakimbilia ndani. Bavon alikuwa bado anafikiria atafute waya wa kuifungia sahani, simu ya Emilie ikalia, na sauti za Kifaransa za watu wa heshima zikajaa sebule.

"Usisogee, papa!" Hugues akanong'ona kwa nguvu dirishani. "Ukisogea, inakatika!"

Kisha, kwa sababu ya kelele za Mama Safi aliyekuwa ameita wenzake, mlango ukafungwa. Emilie akawa ndani, na Hugues ndani, akiilinda ruta. Bavon akabaki juu, mikono yote miwili imeshikamana na chuma.

Sijui kama kuna adhabu nyingine iliyokatwa kwa kipimo cha mtu sawasawa namna ile. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jua lilimpiga kisogoni, bati likamchoma nyayo, na kutoka chini alisikia kila kitu nusu nusu. Sauti ya Emilie, laini, ya siku za sikukuu. Sauti ya mwanamume. Ni ya kwenye simu au ni ya Hugues? Kicheko. Kicheko cha nani? Kisha kimya. Kimya kilimmaliza. Watu wawili wananyamazia nini?

Akavumilia, akashindwa. Akapiga goti, akainama taratibu, akatega sikio kwenye bati.

"Imekatika!" Emilie akapiga ukelele. "Mungu wangu, imekatika!"

Bavon akaruka wima, akairudisha sahani, akaitafuta Makiso, kushoto, kulia, juu kidogo, mpaka Hugues akagonga dirisha. Imerudi. Akasikia mkewe anaomba radhi, anaeleza habari za mtandao, na kulikuwa na machozi ndani ya sauti ile. Bavon alijichukia. Aliona wazi, jambo lisilohitaji mtu kumweleza: kumchunga mkewe na kumshikia mtandao hakuweza kuyafanya pamoja. Akainamisha kichwa kwenye nguzo, akaziba masikio kwa kuimba kimoyomoyo wimbo wa kuvuta mitego, akashika.

Alikuwa bado anaimba mlango ulipofunguka. Emilie akatoka hadi katikati ya uwanja, simu ameiinua mbele yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Wananiuliza kama bwana yangu anakubali niende," akasema. "Sikujua niwajibu nini. Hujawahi kuniambia. Nimewaambia wakuulize wewe mwenyewe."

Akaigeuza simu kuelekea juu ya nyumba. Kwenye kioo, Bavon aliona nyuso ndogo za watu wa Kinshasa, na mbele yao mama mmoja wa makamo mwenye miwani, aliyesogea karibu ili aone vizuri.

"Papa, jambo," akasema yule mama, kwa Kiswahili cha Bukavu. "Unafanya nini kule juu?"

"Ninamushikia réseau ya intaneti, mama," Bavon akajibu. "Nikiachilia, atawapotea."

Watu wa kwenye simu wakatazamana. Mama Safi na wenzake walikuwa wamejipanga ukutani. Hugues alikuwa amesimama kizingitini kwa Bavon, ameegemea mwimo wa mlango wake.

"Na aende? Mwaka nzima?" yule mama wa miwani akauliza.

Jasho lilimwingia machoni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alimwona Emilie amesimama juani na blauzi yake nyeupe. Alikuwa hampigii magoti, alikuwa hamtishi. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja wiki zote zile ambazo yeye alikimbilia mtoni.

"Mi niko na wivu, mama," Bavon akasema kwa sauti, na uwanja wote ukasikia. "Mingi sana. Hata sasa hivi. Kama munamupeleka, mujue munaacha mutu huku anaumia." Akamtazama Emilie. "Lakini aende. Iko na mikono ya mayele. Nakubali."

Emilie hakutabasamu. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko walivyozoea kutazamana, lakini mama mwenye miwani alikuwa anamwita aendelee, bado kulikuwa na maswali. Akafuta macho kwa kiganja, akarudi ndani. Hugues akampisha, akamfuata. Mlango ukafungwa.

Bavon akausikia ukifungwa. Akasaga meno, akaikaza mikono, na antena haikusogea.